Vyeti vya Kupona vya Kilima Chokaa

Katika Jamhuri ya Shwari hakuna raia aliyewahi kupigwa na polisi. Jambo hili limeandikwa katika ripoti za serikali kwa miaka kumi na minne mfululizo, na kwa kuwa aliyeziandika ni serikali yenyewe, hapana sababu ya kuzitilia shaka. Waliokuwapo ni watu walioanguka. Raia wa Shwari walikuwa wepesi wa kuanguka kwa maumbile yao, hasa wakishafungwa pingu. Wapo walioanguka ngazi katika vituo visivyo na ghorofa. Wapo walioangukia mgongo, wakainuliwa, wakaangukia nyayo, wakainuliwa tena, wakaangukia kucha.

Kazi ya Tunu Malugu ilikuwa kuwasikiliza walioanguka.

Alikuwa mwanasaikolojia, mmoja kati ya wanne waliokuwa na leseni nchi nzima. Wale watatu wengine walikuwa maprofesa walioajiriwa ikulu, kwa kazi ambayo hakuna aliyethubutu kuiulizia. Yeye aliajiriwa na Shirika la Haki na Faraja, lililopanga katika jengo kuukuu la posta. Chumba chake kilikuwa na viti viwili na dirisha moja. Watu waliingia, wakakaa, wakasema au wakanyamaza. Kwa miaka saba Tunu alikuwa amejifunza kwamba aliyepigwa nyayo huanza kwa kuzungumzia mvua, na aliyepotelewa na mtoto huanza kwa kuzungumzia chakula. Hakumharakisha mtu. Mwanamke mmoja alimweleza kwa wiki tano jinsi ya kupika kisamvu, namna ya kukitwanga, wakati wa kutia nazi, ubaya wa kukifunika kikiwa cha moto. Wiki ya sita akasema, "Gervas alikuwa anakipenda kilicholala."

Mwanamke huyo aliitwa Felista Mgaya, na alitoka Kilima Chokaa.

Kilima Chokaa kiliitwa hivyo na wenyeji tangu enzi za mababu. Miaka ikapita, na serikali, baada ya uchunguzi wa kitaalamu, ikagundua kwamba kilima kile kina chokaa. Wakazi wakaambiwa wahame ndani ya siku saba. Wakakataa, wakakaa barabarani na mikeka yao. Tarehe tatu ya mwezi wa nne yakaja magari ya polisi kutoka Kambi ya Mlowa, na wanaume arobaini wakaondoka ndani yake. Mmoja wao alikuwa Gervas, fundi wa kuchomelea, mwenye miaka thelathini na mmoja, mwana pekee wa Felista. Serikali ilipoulizwa waliko, ikatoa taarifa ya mstari mmoja kwamba wamesafiri.

Felista alikwenda kituoni kuuliza wamesafiri wapi. Akaambiwa msafiri ni msafiri, akifika ataandika.

*

Ili mambo haya yasizue maneno, nchi ilikuwa na Wizara ya Utulivu wa Moyo. Waziri wake alikuwa Mheshimiwa Dosela Pambe, aliyepata uzoefu wa mioyo ya watu alipokuwa mkuu wa magereza. Mheshimiwa Pambe alipitisha sheria kwamba mtu mwenye kinyongo haruhusiwi kuuliza habari za wasafiri, kwa maana kinyongo huziba masikio, na jibu la serikali ni kitu cha thamani, halipaswi kumwagwa kwenye masikio yaliyoziba. Mwenye kuuliza sharti kwanza apate Cheti cha Kupona. Cheti hutolewa kwa mtu aliyethibitishwa na mtaalamu mwenye leseni kwamba hana kinyongo. Na dalili ya kutokuwa na kinyongo, sheria ilisema, ni kuacha kuuliza.

Waziri alilifafanua jambo hili redioni kwa sauti ya baba anayekata keki.

"Wataalamu wa dunia wametufundisha kwamba majonzi yana hatua zake. Serikali yenu sikivu imezipitia hatua hizo moja baada ya nyingine, na imeona kwamba ile ya hasira haina tija kwa taifa. Kuanzia tarehe mosi imefutwa. Wananchi ambao tayari walikuwa wamefika katika hatua hiyo wanaombwa washuke kwa utaratibu, wasubiri inayofuata."

Tunu alikuwa anakunywa chai aliposikia hayo. Alizima redio. Alikuwa amewafundisha watu wengi jinsi ya kuitazama hasira yao bila kuionea aibu. Yake aliimeza pamoja na chai.

*

Wakati huohuo Mkurugenzi wa Shirika, Bwana Anaklet Ruhombo, alirejea kutoka ng'ambo alikokwenda wiki mbili kusomea uongozi.

Haifai kumsema vibaya Bwana Ruhombo bila kusema na mazuri yake. Alilianzisha Shirika akiwa kijana mwembamba, na aliwahi kukaa rumande miezi minne kwa kuwatetea wachimba chumvi. Kovu la shavuni alilipata huko, alikoangukia kitako cha bunduki. Lakini mtu hawezi kuwa mwembamba maisha yake yote. Alianza kualikwa kwenye makongamano, akapewa kiti cha mbele, na kiti cha mbele ni kitu kinachozoeleka upesi kuliko rumande.

Aliwaita wafanyakazi wote ukumbini. Walikuja na jambo lao moja: gari jeusi lisilo na namba lilikuwa likiwafuata kwa mwezi mzima, na walitaka Shirika lichukue hatua. Aliyesimama kusema alikuwa mwanasheria wao, Hilari Mkoba, mtu wa maneno machache.

Bwana Ruhombo alifumba macho, akavuta pumzi kwa muda mrefu, akaitoa kwa muda mrefu zaidi. "Hilari, ndugu yangu. Gari linakufuata, au wewe ndiye unayeona kwamba linakufuata?"

"Linanifuata. Jana limegonga baiskeli yangu."

"Unaona? Umeshaliruhusu liingie ndani yako."

"Halijaingia ndani yangu, Mkurugenzi. Limeingia kwenye gurudumu la nyuma."

"Kiongozi," alisema Bwana Ruhombo, akigeukia wengine, "haondoi gari njiani. Kiongozi humwondolea mtu hofu ya gari." Kisha akapita safu kwa safu akimgawia kila mfanyakazi mpira mdogo laini wa kuminya wakati wa wasiwasi, wenye nembo ya Shirika.

Wiki iliyofuata Hilari Mkoba alianguka. Alianguka mbele ya kanisa, saa tatu asubuhi, miguu yote miwili ikavunjika chini ya magoti. Tunu alikwenda kumwona wodini. Hilari alikuwa ameuminya ule mpira mpaka ukapasuka.

"Usikae hapa muda mrefu," alimwambia. "Na daftari zako, dada, usiziache ofisini."

*

Bwana Ruhombo alimwita Tunu siku ya Jumatatu. Ofisini mwake aliondoa meza, kwa sababu meza ni ukuta kati ya mioyo, akaweka makochi mawili yanayomeza mtu mpaka magoti yakalingana na kidevu.

"Nina habari njema," alisema. "Wageni wanakuja. Ujumbe wa watu tisa kutoka nje, wenye kutoa Nishani ya Taifa Lililopona. Waziri ametuchagua sisi. Familia arobaini za Kilima Chokaa zitapokea Vyeti vya Kupona jukwaani. Wewe utasaini."

"Hawajapona, Bwana Ruhombo."

"Wiki tatu zimebaki."

"Hata ikiwa miaka mitatu. Wanaulizia watoto wao. Huo si ugonjwa."

Bwana Ruhombo alitabasamu kwa upole aliokwenda kuusomea. "Tunu, unachoka. Nakuona. Kuna kitu kinaitwa uchovu wa huruma. Umebeba ya watu mpaka umesahau kwamba wewe ni taasisi."

"Vyeti vikishatolewa, majalada ya wale wanaume yanafungwa. Sheria inasema hivyo. Hakuna atakayeruhusiwa kuwatafuta tena. Unalijua hilo."

"Najua kwamba Shirika likikataa litafutwa. Nikiokoa Shirika, nimeokoa wanyonge wangapi? Hebu piga hesabu hiyo." Hakungoja ipigwe. "Jambo la pili. Wizara inaomba daftari zako za mazungumzo. Wanataka kuelewa chanzo cha kinyongo, hasa cha yule mama Felista. Inasemekana kuna mtu ndani ya Kambi ya Mlowa anayempelekea maneno."

Mtu huyo alikuwapo. Alikuwa mpishi wa kambi, na Felista alilitaja jina lake ndani ya kile chumba cha viti viwili, kwa kuwa Tunu alimwahidi kwamba linalosemwa pale halitoki.

"Daftari ni siri ya anayezungumza," alisema.

"Daftari ni mali ya Shirika. Hata kalamu."

"Uliwahi kukaa rumande, Bwana Ruhombo. Mtu angekuja kukusikiliza kule, halafu akaenda kumsomea askari uliyosema, ungemwitaje?"

Lile kovu la shavuni lilibadilika rangi. Kwa muda mfupi Tunu alimwona yule kijana mwembamba, kisha kochi likammeza.

"Ningemwita mtu anayetazama mbali," alisema Bwana Ruhombo. "Una mpaka Alhamisi."

Tunu hakungoja Alhamisi. Siku ileile alipanda Kilima Chokaa, akamkuta Felista jikoni anachochea moto. Alimpa kurasa zote zilizokuwa na maneno yake. "Haya ni yako, mama. Nimekuja kukurudishia."

Felista alizigeuzageuza. "Hili ndilo jina la yule mpishi?"

"Ndilo."

Felista akazisukuma zote chini ya chungu, zikashika. "Leo mboga itaiva vizuri," alisema. Kisha akamkaribisha kula.

*

Alhamisi Bwana Ruhombo alipofungua kabati na kukuta daftari zimebaki majalada matupu, kurasa zote zimesharudishwa kwa wenyewe, alimtuma Tunu akapimwe akili. Haikuwa adhabu, alieleza, bali uwekezaji katika rasilimali watu. Aliyempima alikuwa mmoja wa wale maprofesa watatu wa ikulu, mzee nadhifu aliyeandika kabla hajajibiwa.

"Je, huwa unaona vitu ambavyo wenzako hawavioni?"

"Naona kwamba watu arobaini hawapo."

"Wenzako wanaliona hilo?"

"Wanaliona. Hawalisemi."

"Basi hawalioni." Aliandika. "Je, husikia sauti?"

"Husikiliza sauti. Ni kazi yangu."

"Sauti hizo zinakuambia nini?"

"Kwamba wanataka watoto wao, au mifupa yao."

Profesa alifunga daftari, akamtangaza kuwa na ukaidi sugu wa kitaaluma, unaotibika kwa kazi nyepesi. Lakini Tunu alipoinuka, mzee huyo alishusha sauti. "Saini tu, binti yangu. Sheria inataka leseni. Walituambia tusaini sisi, na sote watatu tumegundua kwamba wiki hiyo tutakuwa safarini."

Aliposema neno safarini alijisikia mwenyewe, akafunga kalamu yake.

Ndipo Tunu alipojua kwamba kumbe wanamhitaji. Aliomba apewe fomu, akaisome. Profesa akampa nakala moja, huku akitazama mlango.

Fomu ya Cheti cha Kupona ilikuwa na historia yake. Wizara ilipoagizwa itunge fomu kwa siku mbili, karani mmoja aliazima ile ya Idara ya Mifugo, akafuta kwa kalamu maneno "Jina la mnyama," akaandika juu yake "Jina la mwananchi." Mengine aliyaacha. Waziri aliipitisha bila kuisoma, maana waziri anayesoma fomu huonekana hana wasaidizi. Kwa hiyo kipengele cha saba kilibaki vilevile kilivyokuwa kwa ng'ombe: "Chanzo cha maradhi. Mtaalamu ajaze kwa ukweli na kwa ukamilifu, akitaja mahali, tarehe, na aliyeyaleta."

Tunu alikisoma kipengele hicho mara tatu. Akakunja fomu, akarudi ofisini, akamwambia Bwana Ruhombo kwamba amefikiri, atasaini.

Bwana Ruhombo alimkumbatia. "Nimeona mabadiliko," alisema, na macho yake yakalowa kweli.

*

Zilibaki siku kumi na mbili. Tunu alizimaliza kwa kupanda kilima na kushuka, nyumba kwa nyumba. Hakuwa na uhakika kwamba anafanya vyema. Alijiuliza kama anawasaidia wale akina mama au anawatumia kupoza ghadhabu yake mwenyewe. Kwa hiyo alimweleza kila mmoja wazi: hiki ndicho ninachotaka kuandika, hiki ndicho kinachoweza kukupata, ukisema hapana nitaandika unalotaka wewe. Jina la mpishi halikuandikwa popote.

Wengi walijibu kabla hajamaliza. Bibi mmoja alisema hapana, ana wajukuu wanne wa kulea. Tunu akasema sawa, mama. Siku mbili baadaye yule bibi akamtumia ujumbe: aandikwe naye, wajukuu wenyewe wamemwuliza babu yao yuko wapi, babu aliyesafiri na suruali moja.

Akina mama hao hawakuhitaji kukumbushwa chochote. Walijua namba za magari. Walijua nani alivaa kofia na nani hakuvaa. Tunu aliandika tu. Alipomkabidhi Bwana Ruhombo vyeti vyote arobaini, huyo alikagua saini tu.

*

Sherehe ilifanyika uwanja wa taifa, saa nne asubuhi. Akina mama waliletwa kwa lori la Wizara, wakavishwa khanga mpya zenye maneno AHSANTE KWA KUNIPONYA, wakakalishwa kwa kufuata kimo. Kijana wa itifaki alipita akiwaonyesha jinsi ya kutabasamu. Wageni tisa walikaa kivulini, kila mmoja na kisikio cha kumsikilizia mkalimani.

Mheshimiwa Pambe alihutubia kwa saa moja na robo. Alisema mataifa mengine hujenga barabara, lakini Shwari imejenga mioyo. Alisema kuna nchi jirani, hakuitaja, ambayo watu wake bado wana hasira. Kisha akaufungua mkoba wa ngozi na kutoa muhuri. Muhuri huo hakumwachia mtu; alilala nao. Katika Shwari askari anaweza kumkatalia mama, mkuu wa wilaya, hata hakimu, lakini hakuna aliyezaliwa akaukatalia muhuri wa waziri.

Aligonga vyeti vyote arobaini mbele ya kamera, kimoja kimoja, kwa nguvu, akitazama kamera na si karatasi. Tunu alikuwa amesimama nyuma yake. Kila muhuri ulipotua, alihesabu.

Kisha Felista akaitwa kutoa ushuhuda. Bwana Ruhombo alikuwa amemwandikia maneno. Felista aliyaweka chini ya kiti, akakichukua cheti.

"Nimeambiwa nieleze nilipona nini," alisema. "Kusoma kwangu ni kwa kubahatisha, mtanivumilia." Akasoma, kidole kikifuata mstari. "Jina la mwananchi, Felista Mgaya. Chanzo cha maradhi. Tarehe tatu mwezi wa nne, saa nne asubuhi, hapo Kilima Chokaa, Inspekta Chigoti wa Kambi ya Mlowa, akiwa na askari kumi na moja, alimchukua mwana wa mwananchi huyu, Gervas, akiwa hai, anatembea kwa miguu yake. Alimtia garini kwa kumkanyaga shingo. Hajamrudisha. Imethibitishwa. Muhuri wa Waziri."

Wakalimani walikuwa wameagizwa watafsiri kila neno kwa hisia. Wakalitafsiri.

Mheshimiwa Pambe ndiye aliyeanza kupiga makofi. Hakuwa anasikiliza maneno, alikuwa anasikiliza mwendo wa sauti, na mwendo ulikuwa mzuri. Alipiga makofi peke yake kwa muda hivi, mpaka katibu wake akamnong'oneza. Mikono ikabaki hewani.

Mama wa pili alikuwa ameshasimama kusoma chake. Na wa tatu nyuma yake.

*

Juu ya jukwaa palizuka ubishi. Katibu alimlaumu karani, karani akailaumu mifugo, Bwana Ruhombo akaomba wote wafumbe macho. Hakuna aliyekumbuka lori. Dereva wake alikuwa ameagizwa awapeleke akina mama waendako, na Felista, aliyekaa mbele, alimwambia, "Twende Mlowa." Tunu alipanda nyuma pamoja na wengine.

Langoni kwa kambi alitoka sajini, amekunja mikono ya shati. "Hapa haruhusiwi mtu."

Felista akampa karatasi. Sajini aliisoma mpaka chini, alipofika kwenye muhuri akakunjua mikono ya shati, akafunga kifungo. Akasoma tena. "Inspekta Chigoti yupo uwanjani kwenye sherehe," alisema polepole. "Lakini hii ni ya Waziri."

"Ndiyo," Felista alisema. "Na wengine thelathini na tisa wanazo."

Sajini aliinua kizuizi. Hakupiga simu. Baadaye aliulizwa sana kwa nini hakupiga simu, akajibu kwamba kumpigia mtu kuuliza kama muhuri ni muhuri ni kumtukana mwenye muhuri.

Chumba cha kwanza kilifunguliwa, wakatoka wanaume sita. Hawakuweza kusimama vizuri kwenye mwanga. Mmoja alimtazama mama yake mzazi akamsalimia kama mtu wa mbali, "Shikamoo," na mama yake akajibu, "Marahaba," kisha akakaa chini. Yule bibi wa wajukuu wanne alimpata mzee wake. Suruali ilikuwa ileile.

Hapakuwa na chumba cha pili.

Felista aligeuka kutazama jikoni. Mlangoni alisimama mwanamume mnene mwenye mwiko mkononi. Alitembea mpaka nyuma ya jengo, penye bustani ya mchicha, mchicha mrefu uliostawi kupita kiasi, akauweka mwiko chini, akavua kofia.

Tunu alisimama karibu na Felista bila kumgusa. Alikuwa amesoma vitabu vingi kuhusu dakika kama ile, na hakikumjia hata kimoja. Felista alipiga magoti, akaanza kung'oa mchicha kwa mikono, akiupanga pembeni mafungu mafungu, kama mtu anayeandaa mboga ya sokoni. Wenzake wakapiga magoti kando yake.

Gervas alitambuliwa kwa mshipi wake. Kifungo chake cha chuma alikuwa amekichomelea mwenyewe.

*

Yaliyofuata yalikwenda kwa haki, kama yanavyokwenda siku zote Shwari.

Wageni tisa, baada ya kushauriana, waliipa nchi nishani, maana hawakuwahi kuona serikali iliyo wazi kiasi cha kutoa ushahidi dhidi yake yenyewe kwa mkono wa waziri wake. Rais akaipokea nishani na kumfukuza waziri. Bwana Ruhombo aliwaambia waandishi wa habari kwamba vyeti vilikuwa mkakati wa Shirika tangu mwanzo, wake yeye hasa, na baada ya wiki mbili akaapishwa kuwa Waziri wa Utulivu wa Moyo. Inspekta Chigoti alihamishiwa chuo cha polisi, anakofundisha somo la haki za binadamu. Sajini alifukuzwa kazi. Mpishi aliondoka siku ileile na hajulikani aliko, na safari yake yeye ilikuwa ya heri.

Tunu aliwekwa ndani siku kumi na moja, hakuanguka, kwa kuwa wageni walikuwa hawajaondoka. Kisha baraza la taaluma, maprofesa watatu waliokuwa wamerejea kutoka safarini, likamfutia leseni kwa kosa la kujaza fomu kwa ukweli na kwa ukamilifu. Akakatazwa, kwa maisha yake yote, kutoa ushauri wa namna yoyote kwa mtu yeyote mwenye shida. Alitoka nje ya jengo lile akajikuta hajui aende wapi. Akapanda Kilima Chokaa.

Gervas alizikwa Jumamosi, pamoja na wenzake thelathini na watatu, kila mmoja kaburi lake. Waziri Ruhombo alifika na kamera, suti nyeusi na shada la maua. Aliomba nafasi ya maneno machache. Alisimama kwenye ukingo wa kaburi la Gervas, jeneza likiwa limeshateremshwa, akafumba macho.

"Mama yangu Felista, natambua hisia zako. Nimekuja kutembea nawe katika safari yako ya uponyaji. Ningependa sote tuanze kwa kulipatia jina hili jambo tunalolisikia—"

"Bwana," Felista alimkatiza. Hakupaza sauti. Alichukua jembe mikononi mwa mmoja wa vijana waliokuwa wakingoja kufukia, akamnyooshea. "Fukia."

Waziri alitazama jembe, kisha kamera. Kukataa mbele ya kamera hakukuwezekana. Akalipokea, akatupia udongo kidogo kwa heshima, kama viongozi wanavyofanya, akageuka amrudishie kijana.

Kijana alikuwa ameweka mikono nyuma.

Desturi ya Kilima Chokaa, kama ya kwingine, ni kwamba mtu akifukia kidogo mwingine humpokea, jembe linazunguka, hakuna anayechoka. Waziri alimnyooshea wa pili, naye akatazama chini. Alimnyooshea askari wa ulinzi wake, naye akagundua kwamba kiatu chake kimefunguka kamba. Watu zaidi ya mia tatu walikuwa wamesimama, na hapakuwa na mkono hata mmoja uliotoka.

Alitupia tena, na tena. Jasho likapita juu ya lile kovu. Koti akalivua, hapakuwa na wa kulishika, akaliweka juu ya tuta la udongo. Kaburi lilikuwa na kina cha futi sita.

Alimwona Tunu miongoni mwa akina mama. "Tunu," alisema kwa sauti ya chini, akihema. "Sema nao. Wewe wanakusikiliza."

"Siruhusiwi, Mheshimiwa," Tunu alisema. "Sina leseni, na wewe ni mtu mwenye shida."

Akabaki palepale alipokuwa, bega kwa bega na Felista, jua likiwa utosini. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyelia. Walikuwa wanasikiliza udongo unavyotua, ukitua kwanza kwa sauti ya mbao, kisha kwa sauti ya udongo. Waziri alifukia mpaka viganja vikachubuka, mpaka tuta likasimama. Alipotaka kuliacha jembe, Felista alimwonyesha kwa kidole kaburi la pili.